Mbegu za kale za bangi: Hazina kwa daktari, hatari kwa kijana

MJINI siku hizi neno 'kienyeji' lina bei yake. Kuku wa kienyeji huuzwa ghali kuliko kuku wa gredi. Mnavu, terere na mwangani, mboga zilizodharauliwa miaka ya nyuma kuwa chakula cha watu wa mashambani, sasa zimo katika supamaketi na katika mikahawa mikubwa ya Nairobi.

Lakini neno hilo limepata mteja mwingine. Katika maskani za mitaani si ajabu kumsikia kijana akimwambia mwenzake kwamba bangi ya kienyeji haina madhara, kwani ni mmea tu kama sukuma wiki. Inayoharibu akili, atasema, ni ile iliyochanganywa na kemikali huko ng'ambo.

Madai hayo yana chembe ya ukweli na gunia zima la uongo. Makala haya yanakusudia kuvitenganisha viwili hivyo, maana mzazi asiyejua ukweli ulipo hawezi kumjibu mtoto wake akamwamini.

Kwa kufanya hivyo itatubidi, msomaji, tusafiri hadi milima ya Rif, kaskazini mwa Morocco. Huko ndiko kisa cha mbegu ya bangi ya kienyeji kilikochunguzwa kwa miaka mingi, na ndiko mbegu hiyo inakopiganiwa sasa isipotee.

Mbegu ya kienyeji ni nini?

Mfano wa mahindi utatusaidia. Mkulima wa Kitale anayepanda mbegu ya 614 huinunua dukani kila msimu. Hiyo ni mbegu chotara, iliyotengenezwa na wataalamu kwa kuzalisha aina mbalimbali zilizochaguliwa. Mazao yake ni mengi, lakini ukipanda punje za shamba hilo mwaka unaofuata, mahindi hayatakuwa kama ya kwanza.

Sasa mkumbuke nyanya yako na yale magunzi aliyokuwa akiyatundika juu ya meko yapigwe na moshi. Alichagua yaliyo bora, akapanda, akachagua tena. Mama yake alifanya hivyo hivyo. Baada ya vizazi vingi, mahindi hayo yaliuzoea udongo wa kijiji chake, mvua yake na wadudu wake. Hiyo ndiyo mbegu ya kienyeji.

Mbegu ya namna hiyo haina sura moja. Shambani utaona mimea mirefu na mifupi, inayokomaa mapema na inayochelewa. Mnunuzi wa kiwanda hapendi hali hiyo. Kwa mkulima asiye na maji ya mfereji ni bima, kwani mwaka wa ukame mingine itakufa na mingine itabaki.

Bangi nayo ni hivyo hivyo. Imekuzwa na binadamu kwa muda mrefu sana, kwa ajili ya nyuzi za kamba na nguo, mafuta ya mbegu zake, dawa na ulevi. Watafiti waliochunguza jeni za mimea 110 kutoka pande nyingi za dunia walitangaza mwaka 2021 kwamba kilimo cha mmea huu kilianzia mashariki ya Asia yapata miaka 12,000 iliyopita.

Kutoka huko ulienea kila upande. Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki tulipata hata jina lake kupitia Bahari ya Hindi, kwani 'bangi' ni ndugu wa 'bhang' ya Bara Hindi. Kila mahali mmea huu ulipofika ulikaa, ukazoea, ukawa wa kienyeji cha hapo.

Beldia ya milima ya Rif

Wakulima wa Rif huiita mbegu yao 'beldia', neno la Kiarabu lenye maana ya 'ya nchi hii', yaani ya kienyeji. Eneo la Ketama ndilo lenye sifa kubwa ya kilimo hicho.

Beldia hupandwa mwishoni mwa majira ya baridi, mwezi wa Februari au Machi, ikalelewa na mvua za majira hayo. Kufikia kiangazi, jua linapokuwa kali, mmea umekwisha komaa na huvunwa. Ni mmea mdogo, usio na matawi mengi, na hupandwa kwa kubanana katika vishamba vya mteremko.

Kwa muda mrefu wazee wa huko walikuwa wakiikatakata bangi hiyo, wakaichanganya na tumbaku na kuivuta kwa kiko kirefu chembamba. Mchanganyiko huo huitwa kif. Baada ya Morocco kujipatia uhuru mwaka 1956 kilimo hicho kilipigwa marufuku nchini kote, lakini huko milimani kiliendelea, kwa kuwa ardhi ni duni na mazao mengine hayaleti pesa.

Miaka ya 1960 na 1970 mambo yalibadilika. Vijana wa Ulaya na Marekani walianza kumiminika Morocco, na pamoja nao ukaja ujuzi wa kuchekecha bangi iliyokauka ili kupata unga wa utomvu wake. Unga huo ukikandamizwa huwa hashishi. Kif ya wazee ikageuka bidhaa ya kuvushwa bahari kwa magendo.

Biashara ilikua hata uchunguzi uliofanywa na serikali ya Morocco pamoja na Umoja wa Mataifa mwaka 2003 ukapata hekta 134,000 za bangi, zikitegemewa na watu wapatao 800,000. Serikali ilishtuka. Mashamba yakafyekwa na kuchomwa, na katika miaka ya 2010 eneo hilo lilikadiriwa kuwa chini ya hekta 50,000.

Mtu angedhani tatizo limepungua kwa zaidi ya nusu. Haikuwa hivyo.

Mgeni aingia shambani

Wakati mashamba yakipungua, mbegu nazo zilikuwa zikibadilika. Kuanzia miaka ya 2000 wafanyabiashara walileta mbegu chotara kutoka nje, zilizotengenezwa kwa lengo moja tu, kutoa utomvu mwingi na mkali. Iliyopata umaarufu wa kwanza wakulima waliiita 'khardala'. Baada yake zikaja nyingine nyingi.

Tazama hesabu ya mkulima. Ana hatari ya kufungwa hata akipanda robo eka. Je, apande beldia itakayompa utomvu kidogo, au mgeni atakayempa mara kadhaa zaidi katika kishamba hicho hicho? Hatari ni ile ile, faida ni tofauti. Wengi waliiacha beldia.

Athari ya kwanza ilikuwa kwa maji. Mbegu hizi mpya hupandwa baadaye na huwa bado shambani wakati wa jua kali, na bila kunyweshwa hazistawi. Visima na mabwawa vilichimbwa kila mahali, mabomba yakatandazwa milimani, na chemchemi zilizokuwa zikihudumia vijiji zikaanza kupungua.

Athari ya pili ilikuwa kwa nguvu ya hashishi yenyewe. Watafiti waliokusanya takwimu za nchi za Umoja wa Ulaya, Norway na Uturuki walieleza mwaka 2019 kwamba hashishi iliyonaswa barani humo mwaka 2006 ilikuwa na wastani wa asilimia 8 ya kemikali ya kulevya. Kufikia mwaka 2016 wastani huo ulikuwa asilimia 17. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni hizo mbegu mpya za Morocco na mbinu mpya za kutoa utomvu.

Kwa maneno mengine, shamba lilipungua, lakini sumu iliyomo katika kipande kimoja iliongezeka maradufu.

Athari ya tatu haikuonekana kwa macho. Bangi ina mimea ya kiume na ya kike, na uzazi wake hutegemea upepo. Mmea wa kiume humwaga chavua nyepesi kama vumbi, inayopeperuka mbali sana. Mitambo ya kuchunguza hewa kusini mwa Uhispania imewahi kunasa chavua ya bangi iliyovuka bahari kutoka Afrika Kaskazini!

Ikiwa chavua huvuka bahari, itashindwaje kuvuka bonde? Mkulima anayeshikilia beldia akizungukwa na majirani wenye mbegu za kigeni, huenda akavuna mbegu ambazo jina lake bado ni beldia lakini damu yake ni ya mchanganyiko. Hivyo ndivyo mbegu ya kale inavyoweza kupotea bila mtu kuitupa.

Kemikali mbili

Ili kufahamu kwa nini madaktari wanalijali jambo hili, yafaa kujua kilichomo katika mmea wenyewe.

Bangi ina kemikali zaidi ya 100 za jamii moja. Mbili ndizo mashuhuri. Ya kwanza ni THC, na hiyo ndiyo inayolevya. Ya pili ni CBD, ambayo hailevyi.

Aliyeongoza kazi ya kuzifumbua kemikali hizi ni mwanasayansi wa Israeli, Raphael Mechoulam, aliyefariki mwaka 2023. Hakuwa na shamba. Alikwenda kwa polisi, akaomba hashishi ya Lebanon waliyokuwa wameinasa, akapewa kilo 5. Mwaka 1963 alieleza umbile la CBD, na mwaka uliofuata yeye na mwenzake Yehiel Gaoni wakatangaza kwamba wameipata THC.

Katika mbegu nyingi za kienyeji kemikali hizi mbili hukaa pamoja, kwa viwango vinavyotofautiana kati ya mmea na mmea. Watengenezaji wa mbegu za kisasa za ulevi walitafuta THC peke yake. Kizazi baada ya kizazi waliipandisha hiyo, na CBD ikabaki kidogo mno.

Tofauti hiyo ina uzito. Uchunguzi uliofanywa katika miji kadhaa ya Ulaya na nchini Brazil, na kuchapishwa mwaka 2019, ulilinganisha watu waliopatwa na maradhi makali ya akili kwa mara ya kwanza na watu wengine wa miji hiyo. Waliokuwa wakivuta bangi kila siku walikuwa na uwezekano mara tatu zaidi wa kuugua kuliko wasiovuta kamwe. Waliovuta kila siku ile yenye THC ya asilimia 10 au zaidi, uwezekano wao ulikaribia mara tano.

Maradhi yenyewe ni ya kutisha. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hushuku kwamba jamaa zake wanataka kumdhuru, na huzungumza mambo yasiyoshikana. Wengine hupona bangi ikishaachwa. Wengine huendelea kuugua kwa miaka.

Basi chembe ya ukweli katika maneno ya yule kijana wa maskani ndiyo hii: bangi kali zaidi ni hatari zaidi. Gunia la uongo ni kusema kwamba isiyo kali sana ni salama. Mara tatu si mchezo.

Isitoshe, 'kienyeji' si kipimo cha nguvu. Kuna mbegu za kienyeji zilizochaguliwa na wakulima kwa karne nyingi kwa sababu zinalevya sana, na nyingine zilizochaguliwa kwa nyuzi zake, ambazo hazilevyi hata kidogo. Msokoto wa mtaani hauna kibandiko cha kumwambia mnunuzi kilichomo. Anayeambiwa kwamba ni 'shash' safi ya Ethiopia ana neno la mchuuzi tu.

Kwa nini basi ihifadhiwe?

Msomaji huenda akauliza: ikiwa mmea huu una madhara hayo, si afadhali upotee kabisa?

Jibu limo katika wodi za watoto wenye kifafa. Zipo aina mbaya za maradhi hayo ambazo huanza utotoni na hazisikii dawa za kawaida. Mojawapo huitwa Dravet. Mtoto anaweza kupatwa na kifafa mara nyingi kwa mwezi, huku akili na mwili vikidumaa.

Tangu mwaka 1980 madaktari wa Brazil waliwahi kuwapa CBD wagonjwa 8 wa kifafa, na 4 kati yao karibu waepukane kabisa na degedege. Lakini kundi lilikuwa dogo, na dunia haikusikiliza.

Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya majaribio makubwa zaidi, ya watoto na vijana 120 wenye ugonjwa wa Dravet. Waliopewa CBD pamoja na dawa zao za kawaida, degedege zao zilipungua kutoka takriban 12 kwa mwezi hadi 6. Waliopewa maji yasiyo na dawa hawakupata nafuu ya maana. Mwaka 2018 serikali ya Marekani iliidhinisha dawa hiyo, iitwayo Epidiolex.

CBD hiyo ilitoka wapi? Kampuni ya Uingereza iliyoitengeneza, GW Pharmaceuticals, haikuanza na maabara tupu. Mwaka 1998 ilijipatia haki ya kutumia mbegu za kampuni ya Uholanzi, HortaPharm, iliyokuwa imekusanya kwa miaka aina nyingi za bangi kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Katika mkusanyo huo ndimo walimochagua mimea ya kuzalisha ile yenye CBD nyingi.

Iwapo dunia nzima ingekuwa imepanda zile chotara za THC peke yake, mlango huo ungekuwa mgumu kuupata.

Na milango mingine ipo. Mbegu za kienyeji za kusini mwa Afrika zinajulikana kwa kuwa na kemikali iitwayo THCV, iliyo haba katika aina nyingi nyingine. Watafiti wanaichunguza kuhusu hamu ya chakula na sukari mwilini. Haijawa tiba, na mtu asidanganywe kwamba imekuwa. Lakini huwezi kuchunguza kilichokwisha potea.

Wale watafiti wa mwaka 2021 tuliowataja walisema jambo jingine zito. Wanaamini kwamba mababu wa porini wa bangi, wale wa asili kabisa, wametoweka. Mimea inayoonekana porini leo ni ile iliyotoroka mashambani. Hivyo mbegu za kienyeji ndizo zilizobaki karibu na chimbuko. Zikienda hizo, hakuna pa kurudi.

Mbegu huhifadhiwaje?

Kuna njia mbili, na kila moja ina kasoro yake.

Ya kwanza ni benki ya mbegu. Sisi Wakenya tunayo yetu huko Muguga, ambako mbegu za mtama, wimbi na mboga za kienyeji huwekwa. Kanuni za kimataifa ni kwamba mbegu ikaushwe vizuri, ifungwe isipitishe hewa, kisha iwekwe katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sufuri. Hapo inaweza kuishi kwa miongo mingi. Ikiachwa kabatini, mbegu ya bangi hupoteza uhai wake kwa miaka michache tu.

Baba wa kazi hiyo ni Mrusi, Nikolai Vavilov, aliyezunguka dunia akikusanya mbegu za kila namna, na aliyefika Afghanistan mwaka 1924. Taasisi yenye jina lake mjini St Petersburg ina mamia ya aina za kale za bangi ya nyuzi. Wakati Wajerumani walipouzingira mji huo katika vita vikuu vya pili, baadhi ya wafanyakazi wake walikufa njaa wakiwa wamezungukwa na magunia ya mchele na ngano, wakikataa kula mbegu walizokabidhiwa. Vavilov mwenyewe alifia gerezani mwaka 1943.

Lakini mbegu iliyo katika baridi imelala. Haijui kwamba mvua imepungua au kwamba kuna mdudu mpya. Tena baada ya muda ni lazima itolewe, ipandwe na ivunwe upya, na hapo ndipo penye kazi. Kama ukipanda mimea michache tu, sehemu kubwa ya tofauti zilizomo katika mbegu hiyo hupotea. Yatakiwa mimea mingi, ya kiume na ya kike, mbali na chavua ya bangi nyingine.

Njia ya pili ni shamba la mkulima mwenyewe, ambako mbegu huishi na kuendelea kuzoea. Hii ndiyo njia ya beldia. Kasoro yake ni kwamba mkulima hahifadhi mbegu kwa ajili ya sayansi. Huihifadhi ikiwa inamlisha.

Kwa miaka mingi sheria ilizifunga njia zote mbili. Mkulima hakuweza kuonyesha mbegu yake hadharani, na mtaalamu hakuweza kwenda kuichukua kama anavyochukua mtama. Magendo hayakuwa na kizuizi hicho. Yalileta mbegu yaliyoitaka.

Sheria mpya, mbegu ya zamani

Mwaka 2021 Morocco ilipitisha sheria nambari 13-21, inayoruhusu bangi kukuzwa kwa ajili ya dawa, vipodozi na matumizi ya viwandani. Kuivuta kwa starehe bado ni kosa. Kilimo kimeruhusiwa katika mikoa mitatu pekee, yaani Al Hoceima, Chefchaouen na Taounate, na mkulima ni lazima awe na kibali na auze kupitia chama cha ushirika.

Mavuno ya kwanza halali, ya mwaka 2023, yalikuwa tani 294. Ajabu ni kwamba msimu huo ulitegemea mbegu zilizoagizwa kutoka nje ya nchi, kwa kuwa ndizo zilizokuwa na cheti. Mbegu ya nchi yenyewe haikuwa na karatasi.

Beldia iliingizwa katika mpango huo mwaka 2024, na mavuno halali ya mwaka huo yakapita tani 4,000. Mwezi wa Agosti mwaka huo Mfalme Mohammed wa Sita aliwasamehe watu 4,831 waliokuwa wamehukumiwa au wakisakwa kwa sababu ya kilimo cha bangi. Mtu anayejificha polisi hawezi kuomba kibali, na msamaha huo uliwafungulia njia.

Haijawa pepo. Biashara ya magendo ingaliko, na mbegu za kigeni zingali mashambani. Lakini sasa beldia ina sababu halali ya kupandwa. Hainywi maji mengi, na katika nchi iliyopitia miaka mfululizo ya ukame hilo si jambo dogo.

Na hapa Kenya?

Hapa kwetu sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya inakataza kukuza bangi, kuwa nayo na kuiuza. Asije mtu akapanda miche miwili uani akidai anahifadhi mbegu za kale. Kwanza atajikuta kizimbani. Pili, kama tulivyoona, miche miwili haihifadhi chochote.

Uchunguzi wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya watu 500,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 walikuwa wakitumia bangi nchini, yaani mtu 1 kati ya 53. 

Kwa sababu hiyo, haya ndiyo ya kuzingatia nyumbani.

Kwanza, umri. Ubongo huendelea kukua hadi miaka ya 20 na kitu. Anayeanza kuvuta akiwa na miaka 14 au 15 anajitia katika hatari kubwa kuliko mtu mzima, hasa ikiwa katika ukoo kuna aliyewahi kuugua akili.

Pili, dalili. Mtoto aliyeanza kushuka masomoni, asiyelala usiku, anayewashuku jamaa zake au kuzungumza peke yake, apelekwe hospitali mapema. Asipigwe, wala asifungiwe ndani kwa kuogopa aibu. Maradhi ya akili yakiwahiwa hutibika kwa urahisi zaidi. NACADA ina simu ya bure ya ushauri, nambari 1192.

Tatu, mama mjamzito asivute kabisa. Watoto wa wavutaji huwa na hatari zaidi ya kuzaliwa na uzani mdogo.

Nne, mafuta ya CBD yanayouzwa kwa mtandao. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walinunua bidhaa 84 za aina hiyo, wakazipima. Ni 26 tu zilizokuwa na kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko, na 18 zilikutwa na THC, ile ya kulevya. Mzazi wa mtoto mwenye kifafa anayempa mafuta hayo hajui anampa nini.

Tano, na hili ni la kusisitizwa: mgonjwa wa kifafa asiache dawa zake kwa sababu amesikia kwamba bangi inatibu. Kuacha dawa ghafla kwaweza kuleta kifafa kisichokoma, na hicho huua. Hata Epidiolex yenyewe hutolewa na daktari pamoja na dawa nyingine, na damu hupimwa mara kwa mara kwani yaweza kudhuru ini. Moshi wa msokoto haujawahi kuwa dawa hiyo.

Kwa hivyo kijana akikuambia kwamba ya kienyeji haina neno, usimkatize kwa matusi. Mwambie kwamba ni kweli mbegu hiyo ina thamani, tena kubwa, na kwamba kuna watu wanaohangaika isipotee. Kisha mweleze kwamba thamani hiyo hutoka kwa mkulima mwenye kibali, ikapita maabara na majaribio ya miaka, ndipo ikamfikia mgonjwa kwa kijiko kilichopimwa.

Nyoka naye ana sumu ambayo hutengenezewa dawa ya kuwaokoa walioumwa. Hatujamsikia mtu akimfuga chini ya kitanda kwa sababu hiyo.